Bei ya kwenye simu na gharama ya mzigo kufika Karema: Jinsi ya kukokotoa kabla ya kuagiza bidhaa nje ya nchi

Mwananchi wa Karema anayeagiza bidhaa nje ya nchi kwa njia ya mtandao hugharamia mambo manne kabla mzigo haujafika mkononi mwake. La kwanza ni bei ya bidhaa. La pili ni usafirishaji na bima hadi bidhaa inapoingia nchini. La tatu ni ushuru wa forodha, kodi na tozo za Serikali. La nne ni usafirishaji wa ndani, kutoka Dar es Salaam hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Skrini ya simu aghalabu huonesha la kwanza na pengine la pili. Mawili yaliyobaki hujitokeza baada ya fedha kulipwa, na ndiyo yanayowafanya baadhi ya wanunuzi kuutelekeza mzigo au kuamini kuwa wametapeliwa.

Makala haya yanaeleza namna gharama hizo zinavyopatikana, ili mnunuzi aweze kuzikokotoa mwenyewe kabla ya kulipa, na aweze kutofautisha malipo halali ya Serikali na madai ya matapeli.

Umbali ni sehemu ya bei

Karema ni kata iliyoko katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, kwenye ufukwe wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Suala la gharama ya kufikisha bidhaa za ng'ambo mahali hapa ni la zamani. Mwaka 1879, Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walipoanzisha kituo chao Karema, shehena zao zilitoka pwani ya Bahari ya Hindi zikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, kwa safari iliyochukua miezi. Leo mzigo husafiri kwa barabara, au kwa reli ya kati hadi Kaliua na kuendelea na tawi la reli la kilomita 210 hadi Mpanda. Kutoka Mpanda hadi Karema hubaki zaidi ya kilomita 100 za barabara.

Serikali imejenga bandari ya kisasa Karema kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, kwa gharama inayozidi shilingi bilioni 47. Bandari hiyo inaelekeana na Kalemie, ng'ambo ya ziwa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo, bidhaa ambayo mkazi wa Karema ameinunua kwa simu kutoka China, Uturuki au Umoja wa Falme za Kiarabu kwa kawaida huingia nchini kupitia Bandari ya Dar es Salaam au Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Huko ndiko inakokaguliwa na kutozwa ushuru, kisha ndipo huanza safari ya kuelekea Katavi.

Kwa sababu hiyo, anayeagiza anapaswa kumuuliza muuzaji au wakala swali moja la wazi: nauli hii inaishia wapi? Nauli inayoishia Dar es Salaam haijagusa gharama ya basi, lori au reli hadi Mpanda, wala ya gari kutoka Mpanda hadi Karema. Kwa kifurushi kidogo gharama hiyo huweza kuvumilika. Kwa jokofu, samani au mashine, huweza kubadili kabisa uamuzi wa kununua.

Uzito wa mizani na uzito wa nafasi

Wasafirishaji wa vifurushi kwa ndege hawapimi kilo peke yake. Hupima pia nafasi ambayo boksi linachukua. Kanuni inayotumiwa na kampuni nyingi ni kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Jibu huhesabiwa kuwa kilo, na mteja hulipia uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani.

Chukua mfano wa boksi la makoti ya kuokolea maisha, ambayo ni mepesi lakini hujaza nafasi. Boksi lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40 hutoa 96,000. Ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 19.2. Ikiwa mizani inaonesha kilo 6, mteja atatozwa nauli ya kilo 19.2. Mvuvi au mfanyabiashara aliyekadiria nauli kwa kilo 6 atakuwa amekosea zaidi ya mara tatu.

Mizigo ya meli, hususan ile inayokusanywa na mawakala katika makontena ya pamoja, hutozwa kwa mita za ujazo. Boksi hilohilo ni mita za ujazo 0.096. Usafiri wa meli huchukua wiki kadhaa, lakini kwa mizigo mikubwa na isiyo na haraka ndio wenye unafuu. Baadhi ya mawakala hutaja bei moja inayojumuisha nauli na ushuru. Mteja ana haki ya kuomba mchanganuo wa bei hiyo kwa maandishi, na hapaswi kuridhika na jibu kwamba kila kitu kimo ndani.

Ushuru hutozwa juu ya nini

Tanzania hutoza ushuru wa forodha kwa kufuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Thamani inayotozwa ushuru huanzia kwenye bei ambayo mnunuzi ameilipa au anapaswa kuilipa. Kwa mizigo ya meli, bei hiyo huongezewa nauli na bima hadi mahali bidhaa inapoingilia nchini. Jumla hiyo hujulikana kwa kifupi CIF.

Sheria inaweka tofauti moja ambayo wanunuzi wengi hawaifahamu. Kwa bidhaa zinazoingia kwa ndege, nauli ya ndege haijumlishwi katika thamani inayotozwa ushuru wa forodha. Ndiyo maana ni muhimu ankara ya muuzaji ioneshe bei ya bidhaa peke yake na nauli peke yake. Ankara inayotaja jumla moja tu humnyima mnunuzi nafasi ya kuonesha kuwa sehemu ya fedha hizo ilikuwa nauli.

Viwango vya ushuru vimo katika Kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya. Tangu Julai 1, 2022, viwango vikuu ni vinne: asilimia 0, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Kwa jumla, malighafi na mitambo ya uzalishaji huwekwa katika kiwango cha chini. Bidhaa zilizokamilika kwa ajili ya mlaji hutozwa asilimia 25. Kiwango cha asilimia 35 kiliwekwa kwa bidhaa ambazo nchi wanachama zinazizalisha kwa kiasi cha kutosha, zikiwemo nguo, samani na bidhaa za ngozi. Kila mwaka nchi wanachama huweza kukubaliana mabadiliko kwa bidhaa mahususi, na mabadiliko hayo huanza mwezi Julai sambamba na mwaka mpya wa fedha. Kiwango cha mwaka jana, kwa hiyo, kinapaswa kuhakikiwa upya.

Baada ya ushuru wa forodha hufuata Kodi ya Ongezeko la Thamani, maarufu kwa kifupi VAT, ambayo kwa bidhaa zinazoingizwa Tanzania Bara ni asilimia 18. Kodi hii hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa ikiwa imekwisha kuongezewa ushuru. Ziko pia tozo nyingine, kama vile Tozo ya Maendeleo ya Reli iliyoanza kutozwa mwaka 2015, na kwa baadhi ya bidhaa hutozwa ushuru wa bidhaa.

Mfano wa hesabu

Mkazi wa Karema anaagiza kwa meli kifaa cha matumizi ya nyumbani kilicho katika kiwango cha asilimia 25. Bei ni shilingi 200,000, nauli hadi Dar es Salaam ni shilingi 40,000, na bima ni shilingi 10,000. Thamani ya kutozea ushuru ni shilingi 250,000.

Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 62,500. Thamani pamoja na ushuru inakuwa shilingi 312,500. VAT ya asilimia 18 juu ya kiasi hicho ni shilingi 56,250. Ushuru na kodi kwa pamoja ni shilingi 118,750, kabla ya kuhesabu tozo nyingine, malipo ya wakala na usafiri wa kwenda Katavi. Bidhaa iliyoonekana kwenye simu kwa shilingi 200,000 imefikia shilingi 368,750 ikiwa bado Dar es Salaam.

Kosa linalojirudia ni kujumlisha asilimia 25 na asilimia 18, kupata asilimia 43, na kuizidisha kwa bei ya kwenye simu. Hesabu hiyo ingetoa shilingi 86,000, pungufu kwa zaidi ya shilingi 32,000. Upungufu unatokana na mambo mawili: nauli na bima zimeachwa nje, na imesahauliwa kwamba VAT hutozwa pia juu ya ushuru.

Kwa thamani hiyohiyo ya shilingi 250,000, bidhaa ya kiwango cha asilimia 0 ingelipiwa VAT pekee, yaani shilingi 45,000. Ya asilimia 10 ingelipiwa jumla ya shilingi 74,500, na ya asilimia 35 shilingi 148,250. Tofauti kati ya kiwango cha chini na cha juu ni zaidi ya shilingi 103,000 kwa bidhaa za thamani ileile. Kujua bidhaa imo katika kundi gani ni jambo la kwanza kuuliza, na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hutoa ufafanuzi huo kupitia ofisi zake za mikoa.

Ipo pia misamaha. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ina jedwali la bidhaa zisizotozwa kodi hiyo, ambamo zimo, miongoni mwa nyingine, paneli za umeme wa jua na nyavu za uvuvi. Msamaha huo hata hivyo hauhalalishi bidhaa iliyopigwa marufuku. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo wavuvi huziita timba, huuzwa kwa bei nafuu mitandaoni, lakini kanuni za uvuvi zinazikataza. Anayeziagiza anahatarisha fedha zake na uhuru wake.

Bidhaa zinazohitaji kibali

Kuna bidhaa ambazo kulipa ushuru pekee hakutoshi kuziingiza nchini. Dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Vyakula na vipodozi, tangu mwaka 2019, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Mbegu, miche na viuatilifu huhitaji idhini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Redio za mawasiliano na vifaa vinavyofanana navyo huhitaji kuthibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Mnunuzi anayeagiza bidhaa ya aina hizo aombe kibali kwanza. Kibali kinachotafutwa mzigo ukiwa tayari ghalani huongeza gharama za kuhifadhi, na kinaweza kukataliwa.

Kuandika bei ya chini hugeuka hasara

Wauzaji wengine wa nje humwahidi mteja kuandika kwenye ankara bei iliyo chini ya ile iliyolipwa, au kuandika kuwa mzigo ni zawadi. Neno zawadi halimwondolei mpokeaji wajibu wa kulipa ushuru. Ofisa wa forodha ana mamlaka ya kuhoji bei isiyolingana na hali halisi na kuomba uthibitisho wa malipo, kama vile taarifa ya benki au ya kadi iliyotumika.

Kutoa tamko la uongo au hati ya uongo kwa forodha ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Aidha, bima ya mzigo uliopotea hulipwa kwa kuangalia thamani iliyotamkwa. Aliyetamka shilingi 20,000 kwa bidhaa ya shilingi 200,000 hana msingi wa kudai zaidi.

Kadhalika, kuvuka ziwa hakubadili asili ya bidhaa. Chini ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unafuu wa ushuru ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zenye cheti cha uasilia. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini redio iliyotengenezwa Asia na kununuliwa Kalemie hubaki kuwa bidhaa ya Asia inapoteremshwa Karema, na hupaswa kutamkwa forodha.

Utambuzi wa malipo halali

Matapeli wanafahamu kwamba wanunuzi hawajui ushuru wao ni kiasi gani, na hutumia mwanya huo. Mwananchi hupigiwa simu au hutumiwa ujumbe kwamba mzigo wake umezuiwa uwanja wa ndege, na kwamba akituma fedha kwa namba fulani ya simu utaachiliwa siku hiyohiyo. Akituma, hudaiwa tena malipo ya cheti, kisha ya ghala, hadi anapokata tamaa.

Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, na hulipwa benki au kwa mtandao wa simu kupitia huduma ya malipo ya Serikali. Mlipaji hupata stakabadhi inayotaja taasisi iliyolipwa. Ushuru wa forodha haulipwi kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo anajitambulisha kuwa ofisa. Mwenye shaka asitume fedha. Awasiliane na ofisi ya TRA, akiwa na namba ya mzigo.

Namba ya mzigo nayo ni kipimo cha ukweli. Vifurushi vya posta vinavyofuatiliwa kimataifa hupewa namba ya herufi na tarakimu 13: herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa katikati, na herufi mbili za nchi ulikotoka mwishoni, kama CN kwa China. Anayedai kushikilia mzigo lakini hawezi kutaja namba yake hapaswi kuaminiwa. Anayetumia wakala naye ahakikishe wakala huyo ana leseni ya forodha, na adai nyaraka mbili tofauti: ya ushuru uliolipwa TRA, na ya ada ya wakala mwenyewe.

Muda na haki ya kupinga

Sheria inataka mzigo utamkwe forodha ndani ya siku 21. Usiposhughulikiwa, huweza kuhamishiwa ghala la forodha, ambako gharama za hifadhi huongezeka, na baada ya taarifa kwa umma huweza kuuzwa kwa mnada. Mnunuzi wa mbali kama Karema anashauriwa kuwa na namba ya utambulisho wa mlipakodi, TIN, ambayo hutolewa bila malipo, pamoja na ankara na uthibitisho wa malipo, kabla mzigo haujafika.

Anayeona ametozwa kimakosa ana haki ya kupinga. Anaweza kumwandikia Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu katika muda huo, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Asiyeridhika na jibu anaweza kukata rufaa Bodi ya Rufani za Kodi ndani ya siku 45. Ushuru uliolipwa kwa makosa, au uliolipwa kwa bidhaa zilizoharibika au kuibiwa njiani, unaweza kudaiwa urejeshwe ndani ya miezi 12 tangu ulipolipwa. Madai yote haya hutegemea nyaraka, hivyo ankara na stakabadhi zitunzwe hata baada ya mzigo kupokelewa.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, mwananchi aandike kwenye karatasi mistari mitano: bei ya bidhaa, nauli na bima hadi Dar es Salaam, ushuru na kodi kwa kiwango kilichohakikiwa, ada ya wakala, na usafiri hadi Mpanda na Karema. Kisha ajumlishe na kulinganisha na bei ya bidhaa hiyohiyo katika maduka ya Mpanda. Mara nyingine kuagiza nje kutakuwa na faida. Mara nyingine duka la Mpanda, ambalo mwenyewe amekwisha kulipia ushuru na anaweza kupokea bidhaa mbovu kesho yake, litakuwa na bei nafuu zaidi.